Daktari wa Wanyamapori Hapikwi Kwenye Helikopta

Oktoba 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) lilianza kuwahamisha tembo wapatao 50 kutoka Hifadhi ya Mwea kwenda Aberdare. Mwea ina kilomita za mraba 42 tu na ilikadiriwa kumudu tembo 50. Walikuwa wamefika 156. Picha zilizosambaa zilivutia kweli: helikopta inainama juu ya vichaka, tembo anayumba na kulala, kreni inamnyanyua kwa miguu, lori linaondoka. Video za namna hiyo bado zinazunguka kwenye simu za watu, na kila zinapoibuka huja na mjadala ule ule. Vijana wanauliza ni chuo gani kinafundisha kazi hii. Wengine wanataka vyuo vyetu vianzishe shahada ya udaktari wa wanyamapori peke yake, isiyochanganywa na mambo ya ng'ombe na kuku. Na hakosekani anayehoji kwa nini tembo apandishwe kreni wakati zahanati ya kijijini kwao haina hata glavu.

Nadhani wote hao, wanaoshangilia na wanaonung'unika, wameona dakika chache za kazi wakadhani wameiona kazi nzima. Daktari wa wanyamapori ni daktari wa mifugo kwanza, kisha ni mpelelezi wa magonjwa, na ulengaji shabaha huja mwisho kabisa. Hatuna upungufu wa vijana wenye ari, wala vyuo havikosekani. Kinachokosekana ni ile miaka miwili mitatu baada ya shahada, ambayo mhitimu angelipwa mshahara huku akifundishwa na aliyemtangulia, na nafasi ya ajira inayomsubiri akimaliza. Shahada mpya bila hivyo viwili itaongeza tu idadi ya wenye vyeti wanaotafuta kazi nyingine.

Tuanze na hilo la helikopta, maana ndilo linalopendwa. Dawa inayotumika zaidi kwa tembo na faru ni etofini, ambayo wenyewe huiita M99. Nguvu yake ni zaidi ya mara elfu moja ya mofini, na tembo mzima hulazwa na miligramu 15 hivi, yaani kimiminika ambacho hakijazi kijiko cha chai. Tone likimwingia binadamu kwenye kidonda au jichoni ni hatari ya kifo, kwa hiyo dawa ya kuizimua hutayarishwa kabla sindano haijajazwa. Tembo akishaanguka kazi ndiyo inaanza. Akilalia kifua anaweza kukosa pumzi, kwa sababu mapafu yake yameshikana na ukuta wa kifua na uzito wake mwenyewe unayabana. Lazima asukumwe alale ubavu, haraka. Kijiti huwekwa kwenye ncha ya mkonga ili matundu yasizibe. Sikio hufunikwa juu ya jicho lisichomwe na jua, na maji humwagwa masikioni kumpunguzia joto. Mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu pumzi tu. Kisha dawa ya kuzindua huchomwa kwenye mshipa wa sikio, na ndani ya dakika mbili tatu mnyama yuko wima na watu wako kwenye magari.

Ni kazi ya hatari na inahitaji utulivu. Lakini inafundishika. Daktari mwenye mikono mizuri, akisimama pembeni ya mzoefu kwa muda wa kutosha, ataimudu. Kisichofundishika kwa kusimama pembeni ni uamuzi: je, huyu mnyama alazwe au aachwe, ahamishwe au abaki, na huko anakopelekwa kuna nini? Mwaka 2018 Kenya ilihamisha faru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda eneo jipya ndani ya Tsavo Mashariki. Kulazwa kulifanyika, safari ikafanyika, wakashushwa. Wote 11 wakafa. Kumi walidhoofika baada ya kunywa maji ya kisima yenye chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Kadiri walivyozidi kuwa na kiu ndivyo walivyozidi kunywa, na ndivyo walivyozidi kukauka. Wa mwisho alishambuliwa na simba. Waziri wa utalii wa wakati huo, Najib Balala, aliwasimamisha kazi maafisa kadhaa na kulaumu uzembe na kutowasiliana. Mtu anayeamini kwamba udaktari wa wanyamapori ni sindano na helikopta hana maelezo ya msiba ule, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyokwenda sawa.

Historia ya eneo letu inasema hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa zaidi. Sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe wa Wamaasai na wafugaji wengine, na nyati na nyumbu pamoja nao. Ilikaa Serengeti kwa miongo. Aliyeiondoa hakuwa mtu wa porini. Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo wakiwa kwenye maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na chanjo ile ilidungwa ng'ombe. Hakuna nyumbu aliyechanjwa. Lakini ng'ombe waliozunguka Serengeti walipokingwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu wenyewe, na idadi yao ikapanda kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Msafara wa nyumbu ambao leo unajaza hoteli za Mara na Serengeti ni matokeo ya kazi iliyofanyika kwenye mazizi. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001, na waliokuwa wakiisaka huko mwishoni walikuwa madaktari wa wanyamapori wakichukua damu ya nyati.

Simba wa Serengeti nao walitupa somo kama hilo mwaka 1994. Watalii waliokuwa kwenye puto walimwona simba akitetemeka kama mwenye kifafa. Ilipofika mwisho wa mlipuko, karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani kama 1,000, walikuwa wamekufa au hawajulikani walipo. Ugonjwa ulikuwa distempa, wa mbwa, na virusi vilifanana na vile vya mbwa wa vijijini pembezoni mwa hifadhi. Miaka mingi baadaye watafiti wakaongeza jambo: vifo vilikuwa vingi kiasi kile kwa sababu ukame ulikuwa umedhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba waliowala wakapata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe juu ya virusi. Hapo una mbwa, nyati, kupe, mvua na simba kwenye kesi moja. Dawa yake ikawa nini? Si kumfukuza kila simba na bunduki ya sindano. Ni mtaalamu kukaa chini ya mti kijijini tangu asubuhi, huku watoto wakipanga foleni na mbwa wao waliofungwa kwa kamba za katani na minyororo, kila mbwa akichanjwa na kupewa cheti. Hakuna anayerekodi video ya foleni hiyo, lakini pale ndipo simba anapotibiwa.

Sasa njia yenyewe ya kufika huko. Kwa Tanzania kijana humaliza kidato cha sita na masomo ya sayansi, baiolojia na kemia zikiwemo, akaenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa miaka mitano. Kwa Kenya mwenzake anakwenda Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa Uganda Makerere. Miaka hiyo mitano imejaa anatomia, patholojia, famakolojia, parasitolojia, upasuaji, uzazi wa ng'ombe, magonjwa ya kuku na ukaguzi wa nyama. Wanyamapori ni sehemu ndogo. Akimaliza ni lazima asajiliwe na baraza la veterinari la nchi yake. Bila usajili huo hana ruhusa ya kushika dawa nzito, na etofini hata kuiona hataiona. Kumbuka pia kwamba Chuo cha Mweka, ambacho wengi hudhani ndicho kinachotoa madaktari hawa, hufundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Anayetoka Mweka ni mtaalamu wa heshima, lakini si daktari.

Baada ya usajili barabara inapotea. Marekani na Ulaya, aliyehitimu udaktari wa mifugo na anayetaka kubobea kwenye wanyamapori hufanya mafunzo kazini, kisha miaka kama mitatu ya ubobezi chini ya mabingwa, halafu mtihani wa bodi. Kwetu ngazi hiyo haijajengwa. Kuna shahada za uzamili nzuri: Sokoine imekuwa na masomo ya Afya Moja, yaani afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja, kupitia kituo chake cha SACIDS, na Makerere inafundisha afya na usimamizi wa wanyamapori. Lakini shahada ya uzamili ni madarasa na utafiti, haimpi mtu mamia ya wagonjwa mkononi. Namjua kijana mmoja aliyehitimu na alama za kujivunia, aliyeandika andiko lake la mwisho kuhusu magonjwa ya nyati. Leo anauza dawa za kuku na za minyoo kwenye duka la pembejeo. Simlaumu, kuku wanalipa.

Aliyeonyesha njia inavyopaswa kuwa ni Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda. Alisoma udaktari wa mifugo London, akarudi nyumbani mwaka 1996 kuwa daktari wa kwanza wa mamlaka ya hifadhi za Uganda. Hakuwa amekaa sana, sokwe wa milimani (gorila) wa msitu wa Bwindi wakaanza kunyonyoka manyoya. Kitoto kimoja kilikufa. Ulikuwa upele, ule ule unaowasumbua watu wasio na maji na sabuni, na maelezo yaliyoaminika ni kwamba sokwe waliupata kwenye nguo kuukuu za wanakijiji, zile zinazovalishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Akawatibu kwa dawa ya ivermektini, wakapona. Kilichofuata ndicho ninachotaka tukitazame. Alikwenda North Carolina kwa mafunzo ya ubobezi, na mwaka 2003 akaanzisha shirika la Conservation Through Public Health, ambalo hushughulikia afya ya sokwe pamoja na ya watu wanaoishi jirani nao. Daktari bingwa wa sokwe alihitimisha kwamba mgonjwa wake wa kwanza ni familia iliyo nje ya msitu. Ila na yeye, ili apate ule ubobezi, ilibidi avuke bahari.

Wanaotaka shahada ya peke yake wana hoja, nisiwabeze. Ni kweli kwamba mhitimu wa kawaida anaweza kumaliza bila kugusa chui wala twiga hata mmoja. Ni kweli tembo si ng'ombe mkubwa, na dozi ya ng'ombe ukiipeleka kwa twiga unaweza kumwua. Twiga ana shingo na shinikizo la damu vinavyomfanya kuwa mmoja wa wanyama wagumu kuwalaza salama. Na ni kweli kijana anayependa wanyamapori huona miaka mitano ya ng'ombe na nguruwe kuwa adhabu. Lakini tuulize magonjwa yenyewe yanaishi wapi. Nyati hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka bila kuumwa. Nyati huyo huyo ana vimelea vya ndigana kali ambavyo kupe akiwapelekea ng'ombe huwamaliza. Ndama wa nyumbu, katika miezi yao ya mwanzo, hutoa virusi visivyowadhuru wao ila huua ng'ombe, na ndiyo maana mfugaji wa Kimaasai huondoa mifugo yake kwenye malisho mazuri kabisa wakati nyumbu wanapozaa. Daktari asiyejua ng'ombe hawezi kuelewa hata moja kati ya hayo. Zaidi ya hapo, ajira za wanyamapori ni chache. Anayefunzwa wanyamapori peke yake akizikosa hana pa kwenda, wakati mwenzake wa shahada kamili ataajiriwa na halmashauri, kiwanda cha nyama au maabara. Kama kuna la kuboresha ndani ya miaka mitano, liwe muda zaidi wa vitendo hifadhini na ulazaji wa wanyama mbalimbali, si kukata ng'ombe kutoka kwenye mtaala.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isemayo wanyama wa porini waachwe na asili yao, na fedha ziende zahanati. Nusu yake ya kwanza ina ukweli mdogo: pundamilia aliyeraruliwa na simba hatibiwi, na daktari mzuri hujua kukaza mkono. Hifadhi nyingi huingilia pale tu madhara yanapotokana na binadamu, au mnyama akiwa wa aina iliyo hatarini kutoweka. Lakini angalia ni nini kinachobaki hapo. Nyaya za mitego shingoni mwa twiga, distempa ya mbwa wetu, upele wa nguo zetu, mafua ya watalii kwa sokwe wa Mahale na Gombe. Asili ipi hiyo tunayoambiwa tuiachie? Sotoka yenyewe ililetwa na mifugo. Aliyeiacha "asili" mwaka 1960 angebaki na nyumbu 250,000.

Nusu ya pili, ya zahanati, imeanguka zaidi. Mwishoni mwa 2016 kimeta kiliibuka kata ya Selela, Monduli. Wanyamapori na mifugo walikufa, watu wakaugua. Anayefika wa kwanza kwenye mzoga wa nyumbu wenye tumbo lililojaa upepo na damu nyeusi isiyoganda puani ana maamuzi ya kufanya ndani ya dakika chache. Asipasue, kwa sababu hewa ikigusa damu hiyo bakteria hugeuka mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Achukue tone la sikioni, alipake kwenye kioo, alitie rangi ya bluu, atazame kama kuna vijiti vya ncha za mraba. Kisha ahakikishe mzoga umechomwa au umezikwa kabla mtu hajaja na kisu kutafuta kitoweo. Hiyo ni kazi ya afya ya binadamu kwa asilimia mia moja, inafanywa na mtu tunayemwita daktari wa wanyama. Rwanda ilipopata Marburg, homa kali ya virusi, mwaka 2024, wagonjwa 66 na vifo 15, chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye pango la wachimba madini lenye popo wala matunda. Biharamulo, Tanzania, mwanzoni mwa 2025 ilipoteza watu kumi kwa Marburg hiyo hiyo. Utafiti wa miaka ya nyuma kwenye pango moja ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, ulionyesha kuwa maambukizi kwa popo hupanda mara mbili kwa mwaka, kizazi kipya kinapofikisha umri wa miezi sita hivi. Maarifa hayo yanatosha kumwambia mtu ni miezi ipi asiingie pangoni. Hayakupatikana zahanati.

Linabaki swali la nani alipe, na hapa wanaosema wafadhili watatosha wanastahili jibu la heshima, kwa sababu wamesaidia sana. Vikosi vya magari ya daktari vinavyozunguka Tsavo, Mara na Amboseli hugharamiwa na Sheldrick Wildlife Trust, huku daktari mwenyewe akiwa mtumishi wa KWS. Mpango huo umeokoa tembo na faru wengi. Tatizo lake ni kwamba mfadhili, na simlaumu, huvutiwa na kinachoonekana: mnyama aliyelazwa, jeraha, mnyama aliyeamka. Ripoti ya mwaka hujaa idadi ya waliotibiwa. Ugonjwa uliozuiwa hauna picha. Kwa hiyo daktari kijana hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba kulaza wanyama wengi ndiko kunampandisha, na kukaa na hadubini kunampotezea muda.

Tukiyachukua haya kwa uzito, kuna mambo ambayo mamlaka zetu zinaweza kufanya bila kujenga jengo jipya. Mamlaka za hifadhi TANAPA, Ngorongoro na TAWA pamoja na taasisi ya utafiti ya TAWIRI kwa Tanzania, na KWS na taasisi ya utafiti ya Naivasha kwa Kenya, zina madaktari wazoefu ambao wengine wanakaribia kustaafu na maarifa yao hayajaandikwa popote. Kila mmoja angekabidhiwa mhitimu mmoja au wawili wanaolipwa kwa miaka mitatu: mwaka wa kwanza kwa wafugaji, Simanjiro au Kajiado, akihangaika na ndigana, kimeta na kutupa mimba, wa pili maabara na takwimu, wa tatu ndiyo bunduki ya sindano. Atakayelalamika kwamba bunduki imekuja kwa kuchelewa atakuwa amejieleza mwenyewe. Fedha zinaweza kutoka kwenye viingilio vya hifadhi, maana mtalii anayelipa kuona nyumbu analipia matunda ya chanjo ya ng'ombe ya miaka sitini iliyopita. Pia daktari wa halmashauri inayopakana na hifadhi na yule wa hifadhini wangepaswa kuwa na simu moja na sampuli moja. Leo nyati akifa upande mmoja wa mpaka ni wa Maliasili, ng'ombe akifa upande wa pili ni wa Mifugo, mchungaji akiugua ni wa Afya, na kupe hajui wizara.

Na kuna jambo ambalo halihusu fedha. Kabla ya uhamisho wowote wa wanyama wakubwa, sahihi ya daktari inapaswa kuwa na uwezo wa kuusimamisha, hata kama waziri ameshaalika waandishi wa habari na lori limeshawashwa. Pamoja na dozi, kijana huyo wa miaka mitatu afundishwe kupima chumvi kwenye maji ya kisima, na akiwa na majibu mkononi awe na cheo cha kutosha kusema hapana.